Debe Likigongwa

Jumapili, 15 Machi 1959

Nimeileta mashine kutoka Ngara mpaka Riruta, nusu ya njia kwa basi na nusu kwa bega, na bega lenyewe leo linadai talaka. Ni kasha jeusi la ngozi, zito kuliko mbuzi aliyegoma kutembea. Ndani mna magurudumu mawili, utepe wa kahawia, betri, na mkono wa kuzungusha kama ule wa gramafoni. Mtu akisema, mashine inanasa sauti yake. Ukirudisha utepe nyuma, inasema tena alivyosema.

Mwenyewe ni Bwana Mascarenhas, Mgoa wa Ngara anayetengeneza filamu fupi za kuonyeshwa na gari la sinema. Alinisikia mnadani. Kazi yangu ni kusimama kando ya dalali mjini na kutangaza kwa Kiswahili yale anayoyasema kwa Kiingereza: kitanda cha chuma, kabati la mvule, nani ataongeza. Akaniita kando akaniambia ana filamu juu ya ugonjwa wa kifua. Picha ziko tayari tangu mwaka jana, zinangoja sauti tu, na msomaji wake wa zamani amehamia Dar es Salaam. Chumba chake kiko juu ya duka la jumla, ambako malori yanapakua mizigo mchana kutwa, hawezi kunasa chochote hapo.

"Wewe tengeneza studio nyumbani kwako," akasema. "Leta sauti safi. Kama safi, kazi yote ya Kiswahili mimi napa wewe."

Nimepigia vitanda vya watu kelele tangu nilipokuwa kijana, narudi nyumbani koo kama limepigwa msasa. Sasa huenda nikawa mtu wa kusoma, tena akiwa ameketi. Ni yeye pia aliyeniambia niandike Kiswahili kidogo kila mara, ulimi wangu wa Kikamba upate kulainika. Ndiyo sababu ya daftari hili.

Jumatano, 18 Machi

Nimeisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza. Nilidhani kuna mtu mwingine ndani ya kasha. Mke wangu Syokau alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Huyo anauza nini?" akauliza.

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua imeanza. Mama Wanjira, mwenye kiwanja tunachokodi, alikuwa nje ameinua mikono akishukuru, kwa maana mahindi yake yamo ardhini tayari. Mimi nilikuwa ndani nikilaani. Nyumba yetu ni ya mabati juu, na mvua ya Riruta ikianguka juu ya bati ni kama watu wanamwaga gunia la mahindi lisilokwisha. Niliposikiliza utepe, maneno yangu yalikuwa mbali huko, ya mtu anayezama.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Sikunasa kitu.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Aliyevumbua bati hakuwa na jambo la maana la kusema.

Jumapili, 29 Machi, Pasaka

Nimepata! Nilikimbilia jikoni leo mvua ilipotukuta tukitoka kanisani, nikasimama pale kando ya mafiga nikijifuta, kisha nikashangaa: kimya. Nje inanyesha ya kuua kuku, ndani unasikia kuni zikilia. Jiko letu liko peke yake uani, kuta za udongo na paa la nyasi, nyasi nene ambazo marehemu mume wa Mama Wanjira aliezeka kwa mikono yake. Nyasi hazipigi kelele. Studio yangu nilikuwa nikila ugali ndani yake kila siku bila kujua.

Nikamwambia Syokau tuhamishie mafiga kwenye varanda ya nyumba, ni kwa muda tu. Hakuweka mwiko chini.

"Na mama akija atalala wapi?"

Lazima nieleze. Mama yake anatoka Mbooni baada ya Pasaka kuja kuonyesha kifua chake hospitali. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake wana haya kubwa. Hatukutani uso kwa uso, na tukikutana njiani mmoja wetu huingia majanini. Hawezi kulala chini ya paa ninalolala mimi na binti yake, hata mimi nikilala nje, maana paa linabaki kuwa langu. Sote wawili tumebatizwa, lakini haya hiyo haikutoka kwa maji. Tangu nioe nimeona kisigino chake na shuka lake, basi. Kwa hiyo mama mkwe akitembelea watu wa mjini hulala jikoni, penye moto.

"Mpaka atakapokuja nitakuwa nimemaliza," nikasema.

Jumamosi, 4 Aprili

Siku nzima kazi. Nimekwangua masizi ukutani, nimetundika blanketi zetu mbili pande mbili, na magunia ya katani pande nyingine, maana Bwana Mascarenhas anasema ukuta mtupu huirudisha sauti kama shangazi anayerudisha maneno. Dirisha nimeliziba kwa udongo na majani makavu. Maikrofoni nimeitundika darini kwa mpira wa ndani wa baiskeli, isitikisike mtu akitembea. Karatasi ya maneno nimeibandika juu ya ubao uliofunikwa kitambaa, kwa sababu karatasi mkononi husikika kama moto wa nyasi. Nimejifunza kukaa mbali na maikrofoni shubiri moja na kusemea pembeni kidogo, la sivyo kila "pa" na "po" hupuliza kama nyoka.

Na nimeweka sheria. Nikigonga debe kwa mwiko mara tatu, kiwanja kizima kimya. Nikigonga tena mara moja, watu wanaweza kuishi. Mama Wanjira alicheka akasema hata mkoloni hajawahi kumnyamazisha kwa debe, lakini akakubali kufungia kuku wake.

Maneno ninayopaswa kusoma ni ukurasa na nusu. Kiini chake ni hiki, na nimeshakikariri: "Mwenye kukohoa asifichwe. Mpe mahali pakavu pa kulala, na dirisha la kuingiza hewa, na umpeleke hospitali mapema."

Jumatano, 8 Aprili

Blanketi ziko ukutani. Tumelala na koti langu.

Jumapili, 12 Aprili

Amefika. Nilikuwa ndani ya studio niliposikia sauti ya Syokau inapanda, kisha kikohozi, kirefu, cha mtu aliyepanda mlima. Nikakaa humohumo mpaka wapite.

Sijamaliza. Bwana Mascarenhas aliusikiliza utepe wa kwanza akaurudisha: "Wewe nasoma kama jaji nataka kufunga mtu. Hapana. Soma kwa mtu moja. Mtu ya nyumbani kwako." Kwa hiyo nimemwomba Mama Wanjira ampokee mama mkwe katika stoo yake, ile ya vibuyu na majembe, nyuma ya nyumba yake. Ni ya bati kuukuu na sakafu ya udongo. Syokau alikwenda kuitazama akarudi.

"Pembeni kuna maji," akasema.

"Ni mpaka Jumamosi tu."

Jioni mama mkwe alisimama nje ya ukuta akanisalimu bila kuonekana, kama desturi. "Mwanangu, hujambo huko?" Nikaitikia kutoka ndani. Ana sauti ndogo yenye mchanga, sauti ya mtu anayechekelea jambo. Kisha akakohoa tena na nikamsikia akiondoka.

Jumatano, 15 Aprili

Hospitali wamempiga picha ya kifua na kumwambia arudi kuchukua majibu mwisho wa mwezi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; nilisema hivyo kwa mzaha, Syokau akanigeuzia mgongo.

Jumapili, 19 Aprili

Nimeumia roho. Nilikuwa nimesoma ukurasa mzima bila kosa, mvua ikinyesha polepole juu ya nyasi, sauti yangu imetulia, nimefika karibu na mwisho. Hapo nje ya ukuta kikaja kikohozi, na baada yake mama mkwe akisema na Syokau na Mama Wanjira waliokuwa wakipukuchua maharagwe: "Nyamazeni, mwanangu anasoma."

Anawanyamazisha watu kwa sauti kubwa kuliko yao!

Nimekata kipande hicho kwa wembe na kubandika ncha kwa gundi. Lakini maneno yangu ya mwisho yameingia ndani ya kile kikohozi, hayakutengana, na sasa lazima nianze upya. Vipande vinavyobaki Mama Wanjira amevitaka. Anavifunga kwenye vijiti shambani, vinametameta na kutisha ndege wanaofukua mahindi. Angalau mtu mmoja anafaidika na kazi yangu.

Nilimwambia Syokau amweleze mama yake, kwa upole, kwamba mashine inasikia kila kitu. Akaniuliza, "Nimwambie mgonjwa asikohoe?"

"Nimesema kwa upole," nikasema.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Kimya. Nimenasa nusu ukurasa.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Nimegonga debe na hata kikohozi kimoja sikukisikia. Dawa ya hospitali imemsaidia, namshukuru Mungu. Nilimwambia Syokau hivyo. Alikuwa akipuliza moto wa varandani, na kuni zimelowa.

Jumamosi, 25 Aprili

Syokau ameomba jiko. Ameomba kama mtu anayeomba dukani kwa mgeni, amesimama mlangoni, hakuingia. Stoo inavuja juu ya kitanda cha mama yake, wamekisogeza na maji yamekifuata.

Nilikuwa na neno karibu na ulimi, neno lile zuri la kukubali, lakini nikaangalia blanketi zangu na maikrofoni imening'inia katikati imetulia, nikafikiri juu ya mnada na kelele zake. Bwana Mascarenhas ametaja msomaji mwingine, Mluhya mmoja anayefanya kazi posta, kwa jina Were, ambaye sauti yake ni kama chai ya maziwa. Nikibomoa leo, Were ndiye atakayesoma.

"Mpaka Jumamosi," nikasema.

"Leo ndiyo Jumamosi," akasema.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimesoma "mpe mahali pakavu pa kulala" mpaka maneno yamepoteza maana, kama jina la mtu ukiliita mara nyingi. Bwana Mascarenhas bado: "Safi, safi sana. Lakini hakuna mtu ndani." Nilimuuliza mtu gani. Akapandisha mabega.

Syokau amekwenda hospitali peke yake kuchukua majibu, kwa kuwa mama yake hakuweza kutembea mpaka kituo cha basi. Ni ugonjwa wa kifua wenyewe, ule wa filamu. Wanataka alazwe, lakini hakuna kitanda. Wamesema kitapatikana karibu Jumatatu ya tarehe kumi na moja.

Jumapili, 3 Mei

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Baada ya kanisa Mama Wanjira alinikuta nikitia betri mpya. Aliingia studio bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakaa juu ya kiti changu cha kusomea.

"Kaloki," akasema, "wewe ukigonga hiyo debe yako, unajua huyo mama huwa anaenda wapi?"

Nikasema yuko stooni, anapumzika, na kikohozi kimepungua.

"Kimepungua!" Alipiga makofi mara moja, kofi la kushangaa. "Hiyo debe ikilia, yeye anaamka kitandani. Anachukua gunia, anajifunika, anaenda mpaka mwisho ya shamba, kule kwa migomba. Anakohoa huko kwa mvua. Mimi nimemwambia, mama, kohoa hapa kwa nyumba yangu, hakuna mtu atakukula. Ananiambia, hapana, ni haya, mkwe wangu yuko kazi. Nikamwambia binti yake. Binti analia, mama anamkataza kusema. Sasa mimi sikukatazwa na mtu."

Nilitoka. Sikuweza kupita mbele ya stoo ya mama mkwe, kwa hiyo nikazunguka nyuma ya uzio, nikiangalia mbele kwanza, maana hata wakati huo niliogopa kukutana naye. Ndivyo tulivyo. Haya iliyomfanya akimbie nisimsikie ndiyo iliyonizuia mimi kuchungulia nimwone. Pale mwisho wa shamba, chini ya migomba, nyasi zimelala na udongo umekanyagwa ukawa laini kama wa kufinyangia chungu. Kuna jiwe la kukalia. Kuna gunia limetundikwa kwenye mgomba, zito kwa maji. Kutoka hapo studio yangu inaonekana vizuri sana.

Nilisimama mpaka miguu ikaloa. Wanasema majuto ni mjukuu. Sisi hatuna hata mtoto, na mjukuu ameshafika.

Sasa hili ndilo ninalotaka liandikwe hapa, asije mtu akanisifu. Nilirudi. Niliingia studio nikashika blanketi ya kwanza ili niitoe msumarini. Jioni ilikuwa inakaribia na mvua ilikuwa nyepesi, betri ni mpya, kuku wamefungwa kwa ajili ya mvua. Mkono wangu ukaiacha blanketi. Nikajiambia: mara moja tu, ya mwisho, kisha nabomoa. Nikagonga debe mara tatu.

Nilijua. Mara zile nyingine sikujua, lakini mara hii nilijua. Niliposhusha mwiko nilimwona kwa akili yangu akiinuka, akitafuta gunia jingine kwa kuwa lile la kwanza liko mgombani, akipita kando ya maharagwe. Nikangoja muda wa kumtosha kufika. Kisha nikasoma, na nilikuwa nikimsomea yeye: mwenye kukohoa asifichwe, mpe mahali pakavu pa kulala. Sauti ilinitoka ndogo, na katika "umpeleke hospitali mapema" ilitaka kukatika, nikaishika. Sikukosea hata neno. Nilipogonga debe la kufungulia nilikuwa nikilia.

Nilibomoa kila kitu usiku uleule na kurudisha mafiga. Syokau aliwasha moto bila kuniuliza na kwenda kumchukua mama yake. Mimi nikajifungia nyumbani ili wapite.

Jumatatu, 4 Mei

Bwana Mascarenhas alisikiliza akiwa amefumba macho. Utepe ulipokwisha akasema, "Sasa iko mtu ndani." Akanipa mkono. Kazi ni yangu, mashine nikae nayo, na iko karatasi nyingine ya kusoma, ya filamu juu ya sabuni.

Nilishuka ngazi zake za Ngara na sikumbuki nilivyofika kwenye basi.

Alhamisi, 7 Mei

Mama mkwe amekataa kungoja kitanda cha hospitali. Anataka kwake. Syokau anasema jikoni ni pakavu sasa na moto unawaka, lakini mgonjwa hasikii joto tena. Nilimtuma Syokau amwombe abaki, kwa jina langu. Jibu lilikuja kupitia ukutani jioni, kwa ile sauti yenye mchanga, imekuwa nyembamba: "Mwanangu, umefanya vizuri. Kazi yako iendelee. Mimi nimekaa vya kutosha."

Hakuna aliyemwambia alaumu, na hakulaumu. Ningependa angelaumu.

Jumamosi, 9 Mei

Wameondoka na basi la Machakos, yeye na Syokau. Niliwabebea mizigo nikitangulia mbali, nikaiacha kwa kondakta, nikaenda kusimama nyuma ya kibanda cha chai mpaka basi likatoka. Nilimwambia Syokau arudi baada ya juma moja. Akasema, "Mpaka Jumamosi." Hakutaja Jumamosi ipi.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua. Hakurudi.

Jumamosi, 23 Mei

Kaka yake Syokau, Mutiso, amenikuta mnadani katikati ya kutangaza viti. Alingoja nimalize kiti. Mama yao amefariki juzi. Naondoka naye kwenda Mbooni.

Jumapili, 31 Mei

Nimerudi kutoka Mbooni peke yangu. Kaburi nililiona kwa mbali, watu walipokwisha kutawanyika. Jina lake ni Mukonyo. Mkwe halitamki, na sijawahi kulitamka, lakini kuandika ni jambo jingine, na sasa limeandikwa mahali.

Jumamosi, 6 Juni

Gari la sinema lilikuja uwanjani Kangemi. Mama Wanjira alitaka twende, sikuweza kumkatalia. Walifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, watu wakakaa nyasini, na giza lilipoingia nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye pembe kubwa ya kipaza sauti juu ya gari. Ilijaza bonde. Watoto waliokuwa wakicheza wakanyamaza. Mwanamke mmoja mbele yangu, aliyekuwa na mzee wake anayekohoa, akamvutia koti shingoni na kumwambia, "Umesikia? Kesho tunaenda." Alisema kwa sababu ya sauti ile, nilimwona.

Mama Wanjira hakugeuka kunitazama. Tulipokuwa tukirudi akasema tu, "Umesoma vizuri."

Jumamosi, 13 Juni

Syokau amekuja. Baridi ya Juni, manyunyu. Alikuwa na kikapu kitupu, nikaelewa amekuja kuchukua vitu vyake, lakini hakuanza kufunga. Alikaa jikoni kando ya mafiga yaliyopoa.

"Siku ile uliyokasirika," akasema. "Mama alisema kitu, mashine ikakishika. Kiko wapi?"

Niliufahamu mara moja ule utepe, na nikafahamu uliko.

Nilikwenda shambani kwa Mama Wanjira nikafungua vipande vyote, kijiti baada ya kijiti. Mahindi yamefika kifuani. Tepe zimejikunja, nyingine jua na mvua vimezichuna rangi zikabaki kama ganda la kitunguu. Mama Wanjira alinisaidia bila kuuliza. Nikavipangusa kwa shati, nikaviunga kimoja kimoja kwa gundi, nikaleta mashine jikoni, nikazungusha mkono wake.

Tulisikiliza mimi na Syokau. Kipande cha kwanza kilikuwa mimi: "Mpe mahali pa—" Cha pili mimi: "Mwenye kukoho—" Kisha mvumo. Kisha mimi, mimi, mimi, "pakavu pa kulala", "pakavu", "mpe". Makosa yangu yote ya msimu mzima, na katika kila kosa bado najisikia nilivyokuwa nikijipenda. Syokau alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kuizima, akaushika mkono wangu.

Karibu na mwisho kikaja kikohozi. Nilikitambua kabla yake, mimi niliyekikata. Kisha ile sauti ndogo yenye mchanga: "Nyamazeni, mwana—" Hapo utepe umechunika. Mvumo tu.

"Alisema, mwanangu anasoma," nikamwambia. "Ndivyo alivyomalizia."

"Nilikuwepo," akasema Syokau.

Akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuurudisha utepe nyuma. Nikamwonyesha. Alijaribu mwenyewe, akaweza. Kisha akasema anataka kusikiliza peke yake, na kwamba hataki kusikia mtu mwingine, hata pumzi.

Nikatoka, nikafunga mlango. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Niliona debe lipo ukutani pale lilipokuwa siku zote. Nikalichukua, nikaligonga mara tatu, taratibu, Mama Wanjira akaingia kwake na kufunga mlango. Mwiko nikauacha juu ya debe, hapo mlangoni, Syokau agonge mwenyewe atakapomaliza. Nikapita kando ya maharagwe mpaka mwisho wa shamba. Gunia bado lipo kwenye mgomba. Nikajifunika nikaketi juu ya lile jiwe.

Naandika haya kwa kalamu ya risasi, daftari limo ndani ya gunia pamoja nami. Jioni inaingia. Debe bado halijagongwa.